Taja Bei, Kisha Nyamaza

Zaituni mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani ukicheka na Mama Kulwa anavyokusuka. Kwa kicheko hicho najua bado hajafika kisogoni. Akifika huko utaanza kulia kama ulivyolia ulipokuwa na miaka minne.

Nina kama saa mbili mpaka amalize. Watoto ninaowalea wote wameshachukuliwa na mama zao, isipokuwa yule wa fundi seremala, naye amelala. Wali sijaubandika. Nimekaa jikoni na daftari lako la zamani, nikuandikie jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitagomba, na nikimaliza kugomba nitalia, na wewe hutakuwa umesikia lolote.

Habari za kula, kuvaa, kuswali na wavulana nimeshakuchosha nazo wiki nzima. Hizo basi. Nina neno moja tu.

Yule mama wa Dodoma ametuma nauli. Likizo yake ya uzazi imekwisha, mtoto ana miezi mitano, anakungoja kwa hamu. Lakini ulipomuuliza mshahara alikujibu, "Njoo kwanza mwanangu, tutaelewana hukuhuku." Leo siku ya tatu tangu aseme hivyo, kesho asubuhi ndiyo basi lako, na hujampigia tena. Mimi nimenyamaza siku zote tatu, na unajua kunyamaza si kazi yangu. Nimenyamaza kwa kuwa bei ya jasho lako si yangu kuitaja. Ila roho haitulii, Zai. Ukipanda basi bila bei, utashuka Dodoma begi mkononi, njaa tumboni, humjui mtu mwingine isipokuwa yeye. Mtu wa hali hiyo hataji bei, anapewa tu. Najua, kwa sababu mimi nilishuka mlimani hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Bibi yako mwenyewe ndiye aliyenileta kutoka Kinole, na mkungu wa ndizi kichwani wa kumpa mwenye nyumba, utadhani sisi ndio tuliokuwa na shida ya kulea mtoto. Nyumba ilikuwa Mafiga, huku mjini, ina bati jipya na pazia la shanga mlangoni. Yule mama alitukaribisha vizuri, akatupa chai ya maziwa, akanionyesha mtoto wake wa miezi mitatu. Halafu akaniuliza, tena kwa upole, "Mwanangu, unataka nikulipe shilingi ngapi?"

Nikatazama sakafu. Nikasema, "Chochote tu, mama."

Bibi yako akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliona amenilea vema. Na usimcheke, maana kwetu mlimani huo ndio ulikuwa uungwana. Mtu akijifungua, jirani anakuja kumwogeshea mtoto, mwingine anakaa naye mama akienda shamba kuchimba magimbi, na hakuna anayetaja hela. Ungetaja ungeonekana mchawi. Mtoto mchanga hawekewi bei. Kosa letu mimi na bibi yako halikuwa huo uungwana. Kosa letu ni kuubeba hadi Mafiga. Kinole leo mimi nakulelea, kesho wewe unanilelea, zamu inazunguka na kurudi. Yule mama wa Mafiga angepanda lini mlima kuja kuniogeshea mwanangu? Zamu yangu ilikwenda na haikurudi.

Wala hakuwa mtu mbaya. Alinilisha, hakunipiga, alinitania. "Wewe ni mwanetu," alikuwa akisema mbele ya wageni, na mimi navimba kichwa. Nikawa namlea mtoto, kisha nikawa nafua nguo za mtoto, kisha za mama yake, kisha za nyumba nzima, kisha napika. Kazi ziliongezeka moja moja, na kwa kuwa hatukuwahi kusema kazi ni ipi, hapakuwa na mahali pa kusimama niseme hii simo. Hela nilipewa siku alipokumbuka. Na mtoto wa nyumba atamdai mama yake vipi?

Nilikaa miaka miwili. Nilipoondoka nilipewa nauli na doti moja ya khanga, imeandikwa "Wema hauozi". Nikaipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Njiani kurudi Kinole nilijipapasa mara tatu, nikidhani kuna kitu nimekisahau nyumbani kwa watu. Hapakuwa na kitu. Ni ile miaka miwili.

Hayo umeshawahi kuyasikia vipande vipande. Linalofuata hujalisikia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana katika hili mimi si yule aliyeonewa.

Ulipozaliwa, baba yako alikuwa kwenye mashamba ya mpunga Dakawa, anarudi mwisho wa wiki. Mimi nilipata kibarua kiwandani hapa Kihonda. Kibarua hakimngoji mtu: usipofika asubuhi, nafasi yako anapewa anayesubiri getini. Nikahitaji mtu wa kukaa na wewe. Nikaagiza Kinole, nikaletewa binti wa miaka kumi na sita, Sikudhani. Nilimkaribisha vizuri, nikampa chai. Nikamuuliza, tena kwa upole, anataka nimlipe shilingi ngapi.

Akatazama sakafu. Akasema, "Chochote tu, dada."

Zaituni, nilifurahi. Nakuandikia ukweli, moyo wangu ulifurahi! Mimi niliyeijua sakafu ile, badala ya kumwinua uso mtoto wa watu, nilipiga hesabu harakaharaka ya nitakachookoa. Nikamwambia, "Wewe ni mdogo wangu, hapa ni kwenu." Maneno yalitoka mdomoni yakiwa tayari. Sikukuu ikaja, nikampa kipande kimoja cha ile doti yangu ya "Wema hauozi", kimeshafifia, na nikaona nimetoa.

Alikulea miezi minane. Alikulea hasa. Wewe ulitambaa mikononi mwake, mimi nilisimuliwa. Ukiumwa tumbo ulikuwa unanyoosha mikono kwake, si kwangu. Nami nikarudi jioni nimechoka, nikamwachia na vyombo, na nguo, na kuchota maji, moja moja, vilevile.

Asubuhi moja niliamka sikusikia ufagio. Nikatoka uani. Sikudhani hayupo. Wewe ulikuwa kwa Mama Kulwa, umeoga, umelishwa uji, nepi zako zimekunjwa sita sita, na juu yako amekufunika kile kipande cha khanga. Hakuchukua hata kijiko. Alimwambia Mama Kulwa, "Mwambie dada mtoto hana deni na mimi."

Siku ile sikufika kiwandani, wala ya pili yake, na ya tatu nafasi yangu alikuwa nayo mtu mwingine. Nilimtukana Sikudhani mtaa mzima. Shukrani ya punda mateke, nilisema, na watu wakanipa pole. Ni Mama Kulwa peke yake aliyenitazama akasema, "Pili, wewe ulimlipa nini?" Nikasema nilimlisha, nilimvisha, alikuwa mdogo wangu. Akasema, "Sikuulizi alikuwa nani wako. Nauliza ulimlipa nini." Sikumsemesha wiki mbili. Nadhani unamjua, hakujali.

Ndipo nikaanza kulea watoto wa wenzangu hapa nyumbani, kwa kukosa la kufanya. Wanawake wa kiwandani walikuwa wananiletea alfajiri. Na mimi, pamoja na yote hayo, wakiniuliza bei nasema chochote tu! Mmoja ananipa sabuni, mwingine mia tano, mwingine ananiombea dua. Mama Kulwa alinivumilia mpaka akachoka. "Mimi nashika nywele tu," akasema, "na hakuna anayekaa kwenye kigoda changu kabla hatujaelewana bei. Wewe unashika roho ya mtu, halafu bei unaona aibu."

Basi nikakaa chini kuipanga, na hapo nikajifunza kwamba bei ya kulea haitoki hewani. Nilikaa siku nzima na mtoto wa miezi minne nikijiangalia mwenyewe. Niligundua kwamba mtoto anayetembea unaweza kumlea huku unachambua mchele, lakini mchanga anachukua mikono yote miwili. Akilala, ndiyo unafua nepi. Akiamka, ndiyo unaacha chai yako ipoe. Kwa hiyo mchanga bei yake ni ya juu kuliko mkubwa, japo watu wanadhani kinyume, kwa kuwa ni mdogo. Kisha nikawauliza wale mama wanapata kiasi gani kwa siku. Siku hizo kibarua alikuwa anaondoka na elfu sita. Nikitaka elfu nne, namwambia abaki nyumbani. Nikichukua mia tano, ni mimi ninayemlipia yeye aende kazini. Nikasimama kwenye elfu mbili, na anayechelewa baada ya magharibi anaongeza. Nguo za mtoto nafua, za baba yake sifui.

Kuijua bei ilikuwa kazi rahisi. Kuitaja ndiyo niliyoshindwa. Unakumbuka? Nilikuwa nasema, "Elfu mbili," na kabla mtu hajafungua mdomo nimeshaongeza, "lakini hata elfu na mia tano si mbaya, au utakachopata." Siku moja ulikuwa umesimama pembeni na sare zako za shule, una miaka minane, ukaniuliza mbele ya mteja, "Mama, mbona unapunguza na yeye hajasema kitu?" Nilitamani nikufinye. Mteja akacheka, akalipa elfu mbili.

Mwaka huohuo alikuja mwanamke kanyooka, kavaa baibui safi, na mtoto mchanga begani. "Shikamoo dada." Nilikuwa nimeinamia beseni. Ile sauti niliijua kabla sijainua kichwa. Alikuwa Sikudhani. Ana genge lake la mboga sokoni, ana mume, na sasa ana Hamisi. Ndiyo, Zai, Hamisi yuleyule uliyekuwa unambeba mgongoni ukitoka shule, mpaka watu wakadhani ni mdogo wako. Mama yake ndiye aliyekulea wewe, na mimi miaka yote sikupata ujasiri wa kukwambia.

"Nimesikia unalea," akasema. "Unachukua ngapi?"

Nikababaika. "Sikudhani, kwako bure. Wallahi bure, mpaka aanze shule."

Akatikisa kichwa. "Sitaki bure, dada. Bure ndiyo iliyonitoa hapa. Taja."

Nikataja. "Elfu mbili." Akanitazama bila kusema neno, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikupunguza. Nilisimama na povu mikononi nikanyamaza. Akafungua pochi, akalipa ya wiki nzima. Ndipo nilipoweza kumwomba msamaha, maana kabla ya hapo ule msamaha ningekuwa nimeuomba nao bure. Akalia kidogo, nikalia sana. Akasema, "Nilimpenda Zaituni, dada, ndiyo sababu nilikaa miezi minane. Lakini mapenzi hayanunui viatu." Kisha akanionyesha jinsi Hamisi anavyopenda kulazwa, ubavu wa kulia, akaenda zake gengeni.

Nimekwambia yote haya nifike hapa. Unakwenda kulea mtoto wa watu, na una cheti chako cha malezi, na mikono iliyozoea watoto tangu hujajua kusoma. Sitaki uende kama nilivyokwenda mimi. Wala sitaki umkabe yule mama kwa kuwa amebanwa, maana yeye naye ni mwanamke aliyeacha mtoto wa titi nyumbani aende kazini, na mimi nimewahi kuwa yeye. Nataka

Narudi. Imepita saa nzima, na wali umeungua.

Nilikuwa nimeshaubandika wali, niko katikati ya ile sentensi, nikasikia Mama Kulwa akisema, "Haya, nimemaliza, inuka." Na wewe hukuinuka. Ukasema, "Subiri mama mkubwa, nina simu." Ukaiweka spika, palepale kwenye kigoda. Nadhani ulijua niko jikoni. Nimejibanza nyuma ya mlango na mwiko, na wali kwenye moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umeshafunga mizigo?"

"Nimeshafunga. Mama, kabla sijaenda stendi Msamvu kukata tiketi, naomba tumalize habari ya mshahara."

"Aa, hilo dogo, Zaituni. Wewe njoo, tutaelewana. Utakaa hapa kama mwanetu."

Kama mwanetu! Neno lile lile, miaka yote hii, limepanda basi likaenda kukusubiri Dodoma. Nikaibana midomo kwa mwiko.

"Nashukuru sana mama, na adabu nitakuwa nayo kama mwanao," ukasema. "Ila kazi ni kazi. Nitamlea mtoto: kumwogesha, kumlisha, kumlaza, nguo zake na vyombo vyake. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jumapili napumzika. Kwa mwezi ni laki moja na themanini."

Kisha ukanyamaza.

Ee Mungu wangu, Zaituni, kile kimya! Nilimsikia kuku akiparua nyuma ya choo. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye meno na "lakini hata laki si mbaya". Wewe ulikuwa unachezea kitana cha Mama Kulwa.

"Mh," akasema yule mama. "Mbona kubwa? Jirani yangu binti wake anapata themanini, na anapika na kufua."

"Huyo anafanya kazi tatu kwa bei isiyofika ya moja, mama. Atamwacha."

Yule mama akacheka, akasema ni kweli, binti wa kwanza wa huyo jirani alimwacha. Akasema hali yake wazi, kwamba analipa na kodi, kwamba laki moja na sitini ndiyo anayoweza bila kukopa. Na wewe hukujibu haraka. Nilikusikia unafikiri. "Laki na sitini sawa," ukasema, "ila ukisafiri kikazi nikalala na mtoto, kila usiku ni elfu tano." Akakubali. Ukamwomba akutumie ujumbe wenye maneno hayohayo uliyosema, na ujumbe ukaingia hapohapo, simu ikiwa mkononi mwako.

Ulishuka elfu ishirini, na nimefurahi uliposhuka kuliko ulipopanda. Hukupunguza kwa aibu. Alikueleza, ukamsikia, ukaamua.

Nilikuwa nakaribia kutoka nikukumbatie, ndipo nikasikia sauti yako imebadilika, imelegea kabisa. Ukauliza, "Sasa mama, niambie. Anaitwa nani?"

"Doreen," akasema.

"Doreen analalaje? Anapenda ubavu gani?"

Nilikaa chini kwenye kigoda cha jikoni. Maisha yangu yote niliogopa kwamba nikitaja bei nitakuwa nimemuuza mtoto, kwamba mapenzi yataona haya yaondoke. Na wewe umemaliza bei kwa dakika tano, halafu mazungumzo ya nusu saa yote yakawa ya Doreen.

Ndipo nikapiga vile vigelegele. Ulishtuka, mtoto wa seremala akaamka, majirani wakachungulia. Ulipokuja jikoni nikakwambia ni kwa sababu ya wali, nawe ukanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sasa ushajua.

Katika begi lako, chini kabisa, nimeweka kile kipande alichokufunika Sikudhani. Maandishi yake yamefifia lakini bado yanasomeka. Mbebee Doreen. Siku utakapomwajiri binti wa mtu, maana utamwajiri, mpe khanga ukipenda, mpya, baada ya mshahara wake. Na akitazama sakafu, mwinue uso, mngoje mpaka ataje.

Kesho Msamvu sitalia. Nikilia, jua ni ule wali.

Nenda, mwanangu. Jua la jioni linamulika Uluguru, na wewe uko uani unajitazama kwenye kioo. Sasa hivi Mama Kulwa amechungulia hapa mlangoni, anauliza vile vigelegele vilikuwa vya nini, nani kaposwa humu ndani.

Nimemwambia hajaposwa mtu. Mwanangu kataja bei.

Mama yako Pili,
niliyekuwa nyuma ya mlango